Nipeni nusu dakika kabla ya kufungasha

Mwongozaji akishatamka kwamba tumemaliza, watu huvamia nyaya. Taa zinazimwa, viti vinakokotwa, mtu anauliza wali umefika wapi. Hapo ndipo mimi, mtu wa sauti, huinua mkono kuomba nusu dakika: kila mmoja abaki alipo, asiseme, asiguse hata begi.

Ninachorekodi hapo mafundi hukiita rumutoni. Wapo wanaokitafsiri "ukimya wa chumba", na naamini tafsiri hiyo ndiyo iliyotuponza. Mhariri akiambiwa ukimya, anajua anao wa bure kwenye kompyuta: anafuta sauti, basi. Lakini sebule ya Magomeni hainyamazi. Friji huwa nimeshaichomoa (funguo zangu naziacha ndani yake nisisahau kuirudisha kwenye umeme), ila feni inavuma, kunguru wako juu ya bati, bajaji zinapita kule barabarani. Sikio la mtazamaji linavizoea vyote hivyo bila yeye kujua. Mimi naiita sauti ya chumba.

Miaka kadhaa iliyopita nilirekodi filamu ambayo mama ameketi kando ya mwanawe mgonjwa. Anamuuliza jambo, mtoto anakawia kujibu. Usiku ulikuwa umetukuta, nusu dakika yangu sikupewa. Katika pengo lile la kusubiri jibu, mtu alikohoa. Mhariri akakata kikohozi, pakabaki shimo. Siku ya maonyesho, mama alipouliza, kila kitu kilikatika, hata feni, na pichani inazunguka! Watu wakageukia spika wakidhani zimekufa. Mtoto alipojibu, hakuna aliyekuwa naye tena. Yule dada aliyeigiza mama alikuwa amelia machozi ya kweli siku ya kurekodi. Bado inaniuma.

Dawa tuliyoizoea ni kumwaga kinanda juu ya shimo, ndiyo maana misiba ya filamu zetu inalia kwa sauti moja.

Wala huwezi kuazima sauti ya chumba kingine, au ya chumba kilekile kesho yake. Miili ya watu hunywa sauti. Wakishatoka, chumba kinalia vingine. Lazima iwe palepale, maikrofoni ikiwa haijasogezwa, watu wakiwa bado ndani.

Siku yenye vyumba 6 inadai dakika 3 tu. Watayarishaji waziandike kwenye ratiba, kama wanavyoandika chakula cha mchana, ili nisiziombe huku taa zinashushwa.