Hadithi ya Valencia Ianzie Mwaka 1957

Karibu makala zote zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinaanzia mahali pamoja: Aprili 1998, L'Hemisfèric, jumba la kwanza la Mji wa Sanaa na Sayansi, ilipofunguliwa na Valencia ikapata jicho lake kubwa la zege na kioo. Kutoka hapo waandishi wanagawanyika. Kundi moja linahesabu watalii na kuuita Mji huo muujiza wa uchumi; jingine linahesabu yuro na kuuita hasara ya kihistoria. Mabishano haya yananiudhi, na sioni sababu ya kuficha. Pande zote mbili zinatazama mapaa. Hakuna anayeinamisha macho kuitazama ardhi iliyoyabeba, ilhali ardhi hiyo ni mto.

Ni mto kweli. Jumba la opera, makumbusho, akwaria, vyote vimejengwa katika mkondo wa zamani wa Turia, ambao maji yake yaliondolewa kwa makusudi. Tarehe 14 Oktoba 1957 Turia ulifurika mara mbili kwa siku moja, ukaua watu wasiopungua 81 na kuijaza tope mitaa ya kati. Serikali ya Franco ilijibu kwa Mpango wa Kusini: mfereji mpya wa kilomita 12, uliopigiwa hesabu ya kuhimili mita za ujazo 5,000 kwa sekunde, ukaupeleka mto baharini kwa kuzunguka jiji. Katikati ya Valencia likabaki bonde kavu, na wakuu wakaona humo barabara kuu ya magari. Wananchi walikataa. Katika miaka ya 1970 walidai hadharani kwamba mkondo ni wao na wanautaka uwe wa kijani. Mwaka 1976 ardhi ilikabidhiwa kwa jiji, na mwaka 1986 bustani ikazinduliwa. Leo ni kilomita kama tisa za miti, viwanja vya mpira na njia za baiskeli, zikipita chini ya madaraja ya mawe ambayo hayana tena maji ya kuvukwa.

Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote za kujenga mji iliyofanyika Valencia katika karne iliyopita, na haikuanzia kwenye meza ya msanifu majengo yeyote. Anayeandika kwamba Calatrava, msanifu wa majumba haya, aliwapa wakazi mahali pa kwenda amepindua mpangilio wa mambo. Wakazi walikuwa wameshapigania mahali pao na kupapata. Yeye alikaribishwa humo.

Wazo lenyewe nalo halikuzaliwa kama kivutio cha watalii. José María López Piñero, mwanahistoria wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Valencia, alitaka makumbusho ya sayansi. Joan Lerma, aliyekuwa rais wa serikali ya jimbo, alilichukua wazo hilo mwaka 1989, miaka mitatu baada ya Paris kufungua mji wake wa sayansi pale La Villette. Michoro ya mwanzo ilikuwa na mnara wa mawasiliano wa mita 382. Uchaguzi wa 1995 ulileta chama kingine, mnara ukafutwa, opera ikashika nafasi yake. Tangu hapo sayansi imekuwa ikisogezwa pembeni katika mradi unaobeba jina lake. Palau de les Arts, jumba hilo la opera lililofunguliwa mwaka 2005, ndilo linalotangulia kwenye matangazo. L'Àgora, ukumbi wa mwaka 2009, ilichezewa tenisi, kisha ikakosa kazi ya kudumu hadi kituo cha utamaduni cha CaixaForum kilipohamia ndani yake mwaka 2022. Na Makumbusho ya Sayansi, yaliyofunguliwa Novemba 2000 kwa kaulimbiu bora kuliko zote ninazozijua, kwamba humo ni marufuku kutogusa, wageni wengi huyapiga picha kwa nje na kuendelea na safari.

Maji yamerudishwa mkondoni, lakini yamepewa kazi ya kioo. Madimbwi mapana yasiyo na kina yanaizunguka L'Hemisfèric ili nusu ya jicho ionekane nzima. Ni ufundi wa hali ya juu, na nausifu kama ufundi. Ila mji ambao mto wake umewahi kuua una jambo la kusema juu ya maji zaidi ya uzuri wake.

Tarehe 29 Oktoba 2024 jambo hilo lilijisema lenyewe. Idara ya hali ya hewa ya Hispania ilikuwa imetangaza tahadhari nyekundu ya mvua tangu asubuhi. Ujumbe wa dharura kwenye simu za wananchi ulitumwa saa 2:11 usiku, wakati maji ya korongo la Poyo yalikuwa yameshaingia mji wa Paiporta na miji jirani. Zaidi ya watu 220 walikufa katika mkoa wa Valencia, wengi wakiwa ndani ya magari, kwenye gereji za chini ya ardhi, na katika nyumba za ghorofa ya chini. Mfereji wa Mpango wa Kusini ulihimili, na katikati ya jiji, pamoja na majumba yote meupe, pakabaki pakavu. La Torre, mtaa wa Valencia hiyohiyo ila ulioko ng'ambo ya mfereji, ulizama. Watu walifia gerejini humo. Wakazi wa upande mkavu walivuka kwa miguu kwenye daraja la waenda kwa miguu, wakiwa na mifagio na makoleo begani, na daraja hilo likaitwa Daraja la Mshikamano. Tarehe 2 Novemba maelfu wengine walipanga foleni kusubiri mabasi ya kuwapeleka kuzoa tope. Kituo chao kilikuwa Mji wa Sanaa na Sayansi.

Watu waliosimama kwenye foleni ile ndio waliokusudiwa na López Piñero. Makumbusho ya sayansi yaliyojengwa ndani ya mto uliohamishwa yana somo ambalo Paris haiwezi kulifundisha kwa haki ileile: hewa baridi ya juu inapokutana na unyevu wa Mediterania yenye joto la mwisho wa kiangazi, mvua ya namna gani huzaliwa, kwa nini korongo linalokaa kavu miezi mizima hujaa kwa saa chache, mfereji ukiokoa ukingo mmoja, nani anabaki ukingo wa pili, tahadhari nyekundu inamtaka mtu afanye nini, na kwa nini asishuke gerejini kuliokoa gari. Somo hilo linastahili ukumbi mkubwa kuliko wote, wa kudumu, wa bure kwa kila shule ya jimbo, na kipimo cha mafanikio yake kiwe kwamba mtoto wa Paiporta anaweza kuusoma utabiri na kuwaamuru wazazi wake wapande ghorofani. Sisemi makumbusho yangezuia maji. Kilichochelewa usiku ule ni uamuzi wa wenye mamlaka, na wao ndio wa kujibu. Nasema kwamba mtu anayeijua ardhi anayoishi ana nafasi ya kuamua kabla simu yake haijalia, na kwamba kumpa ujuzi huo ndiyo kazi ya nyumba yoyote inayojiita ya sayansi.

Mwandishi wa makala ya kwanza hakubaliani nami. Anatetea kwa utulivu hoja ya utalii: ajira, hoteli, jiji lililokuwa likisahauliwa kati ya Madrid na Barcelona likaingia kwenye ramani. Nimeichapisha bila kukata neno. Naongeza tu kwamba Oktoba hiyohiyo ya 2024, kabla ya mvua, maelfu waliandamana Valencia wakilalamikia kodi za nyumba na makazi yanayogeuzwa kuwa vyumba vya wageni. Hesabu ya watalii isiyowahesabu watu hao ni hesabu ya nusu. Makala ya pili inafuatilia fedha, zaidi ya yuro bilioni 1 kwa mradi uliokadiriwa kwa sehemu ndogo ya kiasi hicho, na vigae vya Palau vilivyoanza kudondoka mwishoni mwa 2013. Ni kazi safi ya uchunguzi. Kasoro yake ni kudhani kwamba ubadhirifu ukithibitishwa mjadala umekwisha, kana kwamba jengo la bei nafuu lingekuwa na haki ya kutofundisha kitu.

Niliyoipenda zaidi inamhusu msanifu Félix Candela. Tumezoea kumtaja kama jina la pili baada ya Calatrava, na makala hii inamrudishia heshima yake. Candela alipigana upande wa Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, akashindwa pamoja na wenzake, akafungwa katika kambi ya wakimbizi Ufaransa, kisha mwaka 1939 akavuka bahari hadi Mexico. Huko alijenga maganda ya zege membamba kwa gharama ndogo, akitumia ukweli wa hesabu ambao fundi yeyote anaushika mara moja: umbo lililopinda pande mbili linaweza kutengenezwa kwa mbao zilizonyooka. Ganda la mkahawa wa Los Manantiales huko Xochimilco, la mwaka 1958, lina unene wa sentimita 4. Paa la L'Oceanogràfic, akwaria ya Valencia, linatokana na lile, na lilizinduliwa mwishoni mwa 2002, miaka mitano baada ya kifo chake. Wanafunzi wetu wa usanifu waisome makala hii wakiwa na penseli mkononi.

Makala ya sinema inaeleza jinsi watengenezaji wa Tomorrowland na Westworld walivyoyatumia majumba haya. Simulizi fupi ya Plombir na Miranda, nyangumi weupe waliohamishwa kutoka Kharkiv hadi L'Oceanogràfic Juni 2024 kwa sababu ya vita, haihitaji utangulizi wangu.

Nimeng'ang'ania mto kwa sababu tunao wetu, Msimbazi. Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na serikali za Hispania na Uholanzi, unakusudia kuligeuza bonde la chini la mto huo jijini Dar es Salaam kuwa bustani ya jiji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu humo, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani, humohumo bondeni, imezama mara nyingi mno. Bustani ikishaanza kuota, hamu ya kuweka humo jumba la kung'aa itafuata, na Valencia itatajwa kama mfano. Napenda itajwe, mradi itajwe yote, kuanzia mafuriko, mfereji, na wananchi waliokataa barabara.

Toleo lijalo ni la Jangwani. Tunaomba kwanza makala za wahandisi wa maji, za watabiri wa hali ya hewa, na za watu waliohamishwa kutoka bondeni. Michoro ya majumba tutaipokea pia, ila kila mchoro uje na mstari unaoonyesha maji ya 2011 yalifika wapi ukutani.