Jiwe Kavu Lenye Maji Ndani

Magadi ni yale mawe meupe ambayo akina mama wengi huyatia chunguni ili maharagwe yaive upesi. Mwanafunzi wa Bunia aweza kuuliza: Mbona Ziwa Albert, lililo karibu nasi, halitupi magadi, na ziwa dogo la Katwe, kule Uganda, hutoa chumvi iliyochanganyika nayo?

Maziwa yote mawili yamo katika Bonde la Ufa. Tofauti yao ni mlango. Maji ya Ziwa Albert hutoka kwa Mto Nile na kuchukua chumvi pamoja nayo. Katwe ni shimo la volkeno lisilo na njia ya kutokea. Chemchemi huleta chumvi, jua hutwaa maji peke yake, na chumvi hubaki. Ndivyo ilivyo pia katika Ziwa Magadi, nchini Kenya. Huko chemchemi za maji moto hulisha ziwa, na wakati wa kiangazi gamba gumu hulifunika. Kampuni ya kuyachimba magadi hayo ilianzishwa mwaka 1911.

Tukilivunja jiwe la magadi twaona fuwele, maana chembe zake zimejipanga kwa taratibu. Kwa kila sehemu 3 za sodiamu kuna kabonati 2, haidrojeni 1 ishikwayo na kabonati hizo mbili, na maji 2. Maji hayo hayalowanishi mkono, kwani yamefungwa mahali pake katika mpango huo. Lakini jiwe likichomwa, maji hutoka pamoja na hewa ya kaboni, na hubaki unga wa soda. Viwandani unga huo huusaidia mchanga kuyeyuka kwa moto mdogo zaidi, ukawa kioo.

Chunguni magadi hulegeza ile gundi iunganishayo chembe za haragwe. Kwa hiyo kuni hupungua. Walakini huharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya faida kubwa za maharagwe, na sodiamu yake haiwafai wenye shinikizo la damu. Kwa hiyo yatupasa kuyaloweka maharagwe usiku kucha kwanza. Yakilainika kwa maji matupu, magadi ya nini? Na kama hapana budi kuyatia, tutie kidogo tu.