Transfoma kwanza, mbwembwe baadaye



Nimerudi chuoni hapa Mbeya juzi jioni, nimechoka, begi limejaa viazi vya mama na vidole vina malengelenge ya lehemu. Likizo yote nilikuwa nyumbani Mjimwema. Nasema Mjimwema ya Njombe mjini, msije mkaichanganya na ile ya Makambako, maana kuna mshikaji mmoja alitaka kunitembelea akashukia Makambako, kama kilomita 60 kabla ya kunifikia, akaanza kuuliza watu kwetu ni wapi. He he!

Sasa jana usiku pale room kumezuka ubishi mkubwa. Nilikuwa nawaonyesha washikaji picha za amplifaya ya gitaa niliyomtengenezea baba mdogo, amplifaya ya valvu ya mtindo wa zamani. Jamaa mmoja (anajijua) akasema kama haina transfoma ya Marekani na kapasita za miaka ile ya 1950, basi hiyo ni feki, nimepoteza muda. Nikanyamaza. Leo najibu hapa, kwa utulivu.

Kwanza habari yenyewe. Bamdogo anapiga gitaa kanisani, na ujanani alipiga dansi. Akishika gitaa lazima atarudi kwa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, hata kama ibada haijaisha vizuri. Mwaka jana amplifaya yake ya transista ilikufa. Mimi kwa kimbelembele nikasema, "Bamdogo, usinunue nyingine. Mimi nasoma umeme, nitakutengenezea ya valvu." Wazee wakisikia unasoma umeme wanaamini kila kitu. Akatangazia kwaya nzima!

Nikaingia intaneti, nikakuta wataalamu wanabishana kapasita gani ya zamani ina sauti tamu, waya uwe na kitambaa au plastiki. Nikapagawa. Bumu la muhula nikalimalizia kwenye transfoma ya umeme iliyotumika, ya amplifaya ya Kimarekani. Ilikuwa ya volti 120, nikaona isiwe tabu, nitatumia kile kitransfoma cha kushusha 230 kuwa 120. Nikawasha. Dakika 20 ilikuwa ya moto, dakika 40 chumba kinanuka, mama anauliza nani anaunguza nywele. Kwisha habari yake. Wa kulaumiwa ni mimi, sio aliyeniuzia, maana kibandiko kilisema kila kitu.

Pale Njombe biashara ya mbao ni kubwa, mashine za kupasulia zinaunguza mota, kwa hiyo mafundi wa kusuka mota hawakosi kazi. Nikampelekea mmoja maiti yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeunguza nini, mwanangu?"

Akaigeuza, akasoma kibandiko, akanitazama juu ya miwani. "Hapa wameandika 60. Umeme wetu ni 50. Chuoni hawajawaambia?"

Jamani, niliona aibu. Nimefaulu mtihani wa hilo somo! Transfoma iliyopigiwa hesabu ya hezi 60 ukiilisha hezi 50 kwa volti zilezile, usumaku ndani ya chuma unapanda kwa asilimia 20. Kama chuma chake kilikuwa kimebanwa tangu mwanzo, kinashiba, mkondo unapanda, inachemka. Kushusha volti hakubadilishi hezi. Kwa hiyo kama lazima uagize nje, tafuta iliyoandikwa 230 na 50, au 50/60. Ya 60 peke yake iache hukohuko.

Ndiyo maana hoja yangu leo ni hii: ukiwa na hela kidogo, na sisi wote tuna hela kidogo, weka karibu zote kwenye transfoma mbili, ya umeme na ya kutolea sauti. Na hizo zisukwe hapahapa kwa umeme wa hapahapa. Mengine yote yatafuata.

Yule mzee alinisukia ya umeme upya. Nilimpa namba ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata kwenye karatasi za valvu. Nilichagua ECC83 moja na EL84 moja kwa sababu zinatengenezwa mpaka leo, Slovakia kwa mfano, sio lazima ukafukue makaburi. Zote mbili zinataka volti 6.3 za kupashia moto, na zinakunywa ampea 1.06 kwa jumla. Nikamwambia anipe 2, isije ikahema. Upande wa volti kubwa nikaomba 200, ukizipitisha kwenye dayodi nne na kapasita unapata kama 280 kabla ya mzigo. Na umeme wa nyumbani jioni unashuka, kila mtu anajua, kwa hiyo tukaweka mguu wa 210 na wa 230 kule kwa kuingilia.

Hapo kuna binamu yangu alinipa wazo la hatari. "Kaka, 230 ya ukutani ukiinyoosha si unapata 325? Transfoma ya nini sasa?" Hesabu yake ni sahihi kabisa, na ingemuua bamdogo. Nyuzi za gitaa zimeungana na chasisi kupitia ile waya ya gitaa. Ukiondoa transfoma, chasisi imeungana na ukuta. Mzee ameshika nyuzi kwa mkono mmoja, anasogeza mdomo kwenye maiki iliyo na ethi... sitaki hata kumalizia. Zipo redio za valvu za zamani zilizotengenezwa bila transfoma, chasisi ina umeme, ndiyo maana ziliwekewa boksi na vitufe visivyopitisha umeme. Ukiokota moja usiibadilishe kuwa amplifaya ya gitaa. Weka transfoma, weka fyuzi, weka waya wa ethi kwenye chasisi. Hilo halina mjadala.

Ya kutolea sauti ndiyo tamu. Valvu inataka mzigo wa maelfu ya omu, spika ni omu 8 tu, hii transfoma inawapatanisha. EL84 moja kwenye volti 250 inataka omu 5,200, na inatoa kama wati 5.7. Gawanya 5,200 kwa 8 unapata 650, kipeuo chake cha pili ni 25 na nusu. Hiyo ndiyo mizunguko ya upande wa valvu kwa kila mzunguko 1 wa upande wa spika. Sasa piga 230 gawanya kwa 9. Ni 25 na nusu! Yaani transfoma ya kawaida ya 230 kwenda 9 iko jirani kabisa. Pima kwa mita kwanza, maana bila mzigo huwa inatoa zaidi ya 9.

Ila kuna mtego. Kwenye valvu moja mkondo wa kama miliampea 48 unapita muda wote, na huo unashibisha chuma hata kabla hujagusa gitaa. Sauti nzito inapotea. Dawa yake ni pengo. Kwenye transfoma ya kawaida vile vibati vya E na I vimepishana. Mzee alivifungua, akapanga E zote upande mmoja, I zote upande wa pili, akaweka karatasi katikati. Tulitumia kubwa ya wati 30 ili chuma kiwe cha kutosha. Akaniuliza, "Kwa nini unataka kuiharibu?" Nikamweleza. Akasema, "Haya, hiyo sikuijua." Tukawa ngoma droo.

Sasa nirudi kwa jamaa wa room. Mwaka 1962 pale Hanwell, London, watu wa duka la Jim Marshall walitaka amplifaya kama Fender Bassman ya Marekani. Walinakili mchoro, lakini vifaa wakatumia vilivyopatikana Uingereza, na transfoma za mwanzo wakachukua za Radiospares, duka la vipuri vya kawaida tu. Baadaye valvu za kutolea sauti zikawa KT66 za hukohuko. Sauti ikatoka tofauti na ya Fender, na hiyo tofauti ndiyo leo watu wanauza figo kuipata! Wale hawakuwa wanatafuta uzamani. Walisuka kwa umeme wao na duka lao. Nami nimefanya hivyohivyo kwa duka la Njombe. Na boksi nimetengeneza kwa mbao ya paini, ambayo kwetu haina gharama. Kacheki boksi za Fender za miaka ya 1950 zilikuwa mbao gani. Paini.

Kapasita nilinunua mpya za kawaida, za volti 450 pale penye umeme mkubwa. Hapo usibane, na za zamani usiweke kabisa, zinakauka. Na kabla ya kutia mkono ndani zimwage kwa rizista halafu upime. Mimi nilisahau siku moja, nikajikuta nimekaa chini na bisibisi iko ng'ambo ya chumba. Mama alitaka kufunga mradi siku hiyohiyo.

Mwisho wake? Ilivuma mwanzoni. Nilikuwa nimezilaza transfoma mbili kuelekea upande mmoja, nikaigeuza moja digrii 90, mvumo ukapungua sana, haujaisha. Jumapili bamdogo alipiga ibada nzima. Wati 5 kanisani ni ndogo, kwaya ilimfunika kwenye viitikio, akaniambia, "Mwanangu, ni nzuri, lakini nyingine iwe na valvu mbili." Kwa hiyo likizo ijayo ni EL84 mbili, na transfoma yake nimeshaanza kuipigia hesabu nyuma ya daftari la Kontroli Sistimu, ambayo mtihani wake ni kesho kutwa.

Naomba kuwasilisha. Ngoja nikasome.