UKIFUNGA NJIA, ANDIKA SAA YA KUIFUNGUA



Sisi tunaofanya kazi katika njia ya reli tuna desturi moja ambayo mtu wa nje haioni. Tukitaka kung'oa mataruma au kubadili reli, hatuendi tu na mitaimbo yetu tukaanza kuchimba. Nyapara wa genge huomba njia kwanza. Hupewa ruhusa ya maandishi: kutoka kilomita fulani hadi kilomita fulani, kutoka saa tatu na robo asubuhi hadi saa tano kamili. Anatia sahihi. Bendera nyekundu zinasimamishwa pande zote mbili. Na ikiwa saa tano inakaribia na kazi haijakwisha, ni juu yake kupiga simu mapema na kusema kwa kinywa chake, "Sijamaliza, naomba nusu saa," na sababu yake inaandikwa. Njia si mali ya genge. Genge limeazimwa tu.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu nataka kusema juu ya barabara za mijini zinazofungwa kwa ajili ya kujenga stesheni na njia mpya za usafiri. Barabara hizo hufungwa kwa mabati na kibao. Kibao kinasema, "Samahani kwa usumbufu." Saa hakina, na tarehe mara nyingi hakina. Nauliza: kwa nini treni ipewe saa yake, na mtu anayekwenda kazini kwa miguu asipewe?

Kwetu Majoreni hakuna reli wala foleni ya magari. Kijana akitoka huko kutafuta kazi Mombasa hupanda matatu hadi Likoni, kisha husubiri feri pamoja na watu maelfu. Hapo ndipo wengi wetu wa pwani ya kusini tulipojifunza kwamba mwajiri hataki kusikia habari ya feri. Ukichelewa, umechelewa. Tangu mwaka 2024 mwenye gari anaweza kupita Dongo Kundu kwa madaraja ya Mwache na Mteza asiione Likoni kabisa, na ni jambo jema. Lakini mpishi, mlinzi na kibarua wa bandarini bado wanashuka ile miteremko ya Likoni kwa miguu, nao ndio wanaoandikwa kitabuni.

Mwaka 2021 nilikuwa Nairobi, kibarua wa kontrakta mmoja ambaye jina lake silitaji. Nilipanga chumba upande wa Mukuru. Wakati huo ilikuwa ikijengwa ile barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27. Kazi ilianza mwishoni mwa mwaka 2020, na magari yakaanza kupita juu mwezi wa Mei 2022. Kwa kazi kubwa namna ile sitasema kwamba walichelewa sana. Sipendi kumdhulumu mtu. Shida yangu ilikuwa huku chini. Leo stegi iko hapa, kesho asubuhi saa kumi na moja unakuta imehamishwa na hakuna wa kukuonyesha. Mahali ulipovukia jana pamewekwa ua wa mabati. Unaufuata ua huo gizani, mkono mmoja ukiushika, mpaka uone mwisho wake, na mwisho wake ni mtaro.

Katika wiki moja niliandikwa kuchelewa mara tatu: dakika ishirini, dakika arobaini, na mara ya tatu saa nzima. Mwisho wa mwezi nikakatwa mshahara wa siku mbili. Nilikwenda kwa karani nikamweleza habari ya barabara. Akaniambia, "Barabara si yetu." Nikamjibu kwamba hata mimi si yangu. Akacheka kweli kweli, lakini pesa hazikurudi.

Sikuwa katika chama wakati huo, wala sikujua sheria. Sasa najua kidogo, na nataka kila mwenzangu ajue. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Kwa habari ya kutofika kazini, inamruhusu akate mshahara usiozidi wa siku moja kwa kila siku ambayo mtu hakuwapo siku nzima, bila ruhusa wala sababu nyingine ya halali. Siku nzima! Mimi si wakili, nilisoma shule ya msingi ya misheni tu, lakini Kiswahili na Kiingereza cha kusoma walinifundisha, na sikuona humo mahali panaposema dakika arobaini ni sawa na siku.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Afrika, kwamba wenzetu wa Ulaya na Marekani hufunga barabara leo na kuifungua kesho. Sivyo. Mji wa London ulianza mwaka 2009 kujenga reli ya chini ya ardhi ambayo leo inaitwa Elizabeth. Ilisemekana kwamba treni zitapita chini ya mji mwezi wa Desemba 2018. Zilipita tarehe 24 Mei 2022, na hata siku hiyo stesheni moja ya katikati ya mji, ya Bond Street, haikuwa tayari. Ilifunguliwa Oktoba mwaka huo. Na New York ndiyo kichekesho. Reli ya chini ya Second Avenue ilianza kuchimbwa mwaka 1972, ikaachwa mwaka 1975 fedha zilipokwisha, ikaanzwa tena mwaka 2007, na abiria wa kwanza wakapanda tarehe 1 Januari 2017. Stesheni mpya tatu. Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya kuchimba alikuwa na miaka arobaini na zaidi.

Basi kuchelewa si dhambi ya Mwafrika. Kuna sababu zake, na mtu wa reli anazielewa. Watu hudhani kazi ngumu ni kutoboa njia chini ya mji, lakini mashine ikishaingia ardhini huendelea huko chini, na juu maduka yanauza kama kawaida. Stesheni ndiyo inayofunga barabara. Stesheni haina budi kufunguliwa kutoka juu, kwa sababu abiria wataingilia juu: ngazi, lifti, mashimo ya hewa, vyote vinatokea barabarani. Na chini ya barabara ya mji wa zamani kuna mabomba ya maji, mabomba ya uchafu, nyaya za umeme na za simu, mengine yalilazwa na watu waliokwisha kufa na ramani zao zimepotea. Ukikata bomba, kazi inasimama. Hata ukipandisha njia juu ya nguzo badala ya kuishusha chini, kila nguzo ina msingi, na msingi unakutana na mabomba yale yale.

Jirani zetu wa Tanzania walipandisha reli yao mpya juu ya nguzo kuingia katikati ya Dar es Salaam. Kazi ya kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ilianza mwaka 2017 na ilipangwa kuchukua miezi 30. Treni ya abiria ilianza safari tarehe 14 Juni 2024. Sisemi hivyo kwa kuwacheka. Treni ile ni ya umeme, inafika Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na mtu aliyezoea basi la njia ile hataki kusikia kingine. Lakini mama aliyekuwa akiuza chakula mahali palipofungwa hakupewa miaka hiyo arejeshewe.

Mimi si mpinzani wa ujenzi. Ningewezaje? Reli ndiyo inayonilisha, na kila stesheni mpya ni kazi kwa wenzetu. Hata wale walio ndani ya mabati ni wafanya kazi wenzetu, na ndiyo maana sitaki chama chetu kipige kelele ya "Harakisheni!" Kontrakta akiharakishwa huongeza saa za usiku, na shimo la usiku ndilo linalozika watu. Ninachodai si haraka. Nadai kuambiwa ukweli mapema, na kutotozwa mimi gharama ya kazi ya mtu mwingine.

Jambo hili liko mlangoni petu. Mwezi wa Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mradi wa Railway City katika ardhi ya reli ya Nairobi, pamoja na stesheni kuu mpya. Fikirini ardhi ile ilipo: upande huu Haile Selassie, upande ule Uhuru Highway, na nyuma Bunyala Road. Hapo ndipo wanapopita kwa miguu kila alfajiri wale wanaokwenda viwandani, na jioni wanarudi. Mombasa nako kulikuwa na mpango wa kuiunganisha stesheni ya zamani ya mjini na ile ya SGR ya Miritini kwa treni za abiria. Kazi za namna hii zikifika katikati ya mji, ua wa mabati utasimamishwa, na mkutano wa wakubwa utakuwa umekwisha kabla mfanya kazi hajajua stegi yake imekwenda wapi.

Kwa hiyo naomba tawi letu lizungumze jambo hili katika mkutano ujao, na lisingoje mpaka watu wakatwe. Kila barabara itakayofungwa iwe na hati kama ile ya nyapara, ibandikwe hapo hapo kwenye ua, kwa Kiswahili, yenye tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua na jina la ofisi inayojibu. Tarehe ikisogezwa, sababu iandikwe chini yake na ile ya kwanza isifutwe, ili kila mtu aone imesogezwa mara ngapi. Njia ya watu wa miguu iachwe wazi na iwe na taa, kabla ua haujasimamishwa. Wenye vibanda waonyeshwe mahali pengine pa kuuzia mapema, si asubuhi ile ile askari wanapokuja.

Na katika mapatano yetu na waajiri yaingizwe maneno machache. Nimeyaandika hivi, wenye elimu zaidi wayanyoshe: "Mfanya kazi aliyechelewa kwa sababu barabara, kivuko au njia ya umma imefungwa au imeharibika hatakatwa mshahara wala kuandikiwa onyo, ikiwa amemjulisha msimamizi wake siku hiyo hiyo." Waajiri watasema tutadanganya. Ndiyo maana nataka ile hati ibandikwe uani: karani akitaka kuhakikisha, atakwenda mwenyewe kuisoma.

Mfanya kazi wa reli,
Majoreni