Ukidaiwa laki moja, unakosa mtihani mzima

Wiki hii nataka kuongea na wadogo zangu wanaosoma vyuo vikuu vya binafsi. Na wewe usiyesoma usifunue ukurasa mwingine haraka hivyo. Kama wewe si mlipa ada, basi ni mpigwa mizinga, na kama hujapigwa mzinga bado, subiri wiki ya mitihani ifike, simu itaita tu.

Kuna uzushi mmoja mtaani umezeeka lakini haufi. Ukisema unasoma chuo cha binafsi, watu wanakuona mtoto wa kishua. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanakuuliza kwa nini hukupata Mlimani, kana kwamba umeugua. Mama mwenye nyumba akisikia jina la chuo anapandisha kodi palepale. Jamani! Mimi nimesoma huko miaka mitatu, hapa hapa Dar. Darasani tulikuwa zaidi ya mia moja. Wenye magari walikuwa wawili, na gari la mmoja lilikuwa la shemeji yake. Sisi wengine wote tulikuwa tukigombea daladala na kuhesabu siku za bumu.

Wanaosema hivyo wamesahau hesabu. Wazee wetu walikuwa na Mlimani, ambayo ilianza mwaka 1961 ikiwa chuo kishiriki cha London na ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mwaka 1984 ikaja Sokoine pale Morogoro. Waliokuwa wakimaliza kidato cha sita walikuwa wachache, na nafasi zilikuwa chache vilevile. Miaka ya tisini ndipo mlango ukafunguliwa kwa vyuo vya binafsi, tukaanza kusikia Tumaini, Kairuki, Mtakatifu Augustino na wengine. Leo watoto wa wakulima wa mahindi na wa mama ntilie wamejaa humo. Hawakwenda kununua cheti. Walikwenda kwa sababu ndiko walikopata nafasi.

Sasa tuje kwenye machungu yenyewe.

La kwanza ni bili isiyokwisha kuzaa. Ukiomba chuo unaona ada moja tu, imeandikwa kwa herufi kubwa, unaipigia hesabu na dingi wako mpaka mnakubaliana ng'ombe gani auzwe. Ukifika sasa! Kuna ya usajili, kuna ya kitambulisho, kuna ya serikali ya wanafunzi, kuna ya mitihani, kuna ile 20,000 ya TCU ya udhibiti wa ubora, kuna bima ya afya kama huna. Mwaka wa mwisho inakuja ya mahafali na ya kukodi joho. Yaani unalipia mpaka nguo ya kuvaa saa nne, halafu unairudisha. Kila moja ukiitazama peke yake ni ndogo. Ukizijumlisha unapata mbuzi watatu ambao dingi hakuwapangia.

La pili ni bumu. Kwa wasioijua, hiyo ni fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo inampa mwanafunzi mwenye mkopo. Enzi zangu ilikuwa 8,500 kwa siku, na mwaka 2022 serikali ikaipandisha kuwa 10,000. Tunashukuru, lakini hebu kaa na kalamu. Fedha ya siku 60 ni 600,000. Hosteli ya chuo imejaa, kwa hiyo umepanga chumba cha 70,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba hataki kusikia kodi ya mwezi mmoja, anataka ya miezi sita. Hiyo ni 420,000. Umebaki na 180,000 kwa siku 60, sawa na 3,000 kwa siku. Humo kuna nauli, sabuni, fotokopi za madesa, bando la intaneti na tumbo. Ndiyo maana wanachuo wakagundua ile kitu inaitwa pasi ndefu: chai hainywewi, unajikaza mpaka saa tisa unakula mara moja, ugali maharage, unashushia maji mengi, umemaliza siku.

Hapo tumemzungumzia aliyepata. Kuna aliyekosa kabisa. Kuna aliyepata chakula na malazi lakini ada akapewa asilimia kidogo, iliyobaki ajijue. Kuna anayesubiri awamu ya kwanza, akakosa, akasubiri ya pili, akakosa, akaambiwa kuna rufaa. Huku chuoni masomo hayasubiri awamu.

La tatu ni walimu wa kuazima. Nisieleweke vibaya, nimefundishwa na walimu wazuri sana, mmoja wao mpaka leo nikimwona barabarani nashuka kwenye bodaboda nimsalimie. Lakini wapo wale wanaofundisha vyuo vitatu kwa wiki moja. Ratiba inasema saa mbili asubuhi, mwalimu anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp saa mbili na nusu kwamba yuko kwenye foleni. Mkimwona tena ni wiki ya kumi na mbili, anafundisha mada sita kwa siku moja, Jumamosi, na mtihani anautunga kutoka kwenye zile mada ambazo aliziruka. Kumlaumu yeye peke yake ni uonevu, naye ana watoto na mshahara mmoja hautoshi. Ila anayepata sapu si mtoto wake.

La nne linatia wazimu zaidi. Matokeo yametoka, unafungua mfumo mikono ikitetemeka, unakuta somo moja halina alama. Limeandikwa halijakamilika. Majaribio ulifanya, kazi ya kundi ulifanya, na kwenye mtihani ulikaa kiti cha mbele kabisa. Unakwenda idara, unaambiwa nenda ofisi ya mitihani. Unakwenda ofisi ya mitihani, unaambiwa mwone mwalimu wa somo. Mwalimu wa somo mkataba wake umekwisha, yuko Dodoma. Mimi nilizunguka wiki saba kutafuta alama zangu 31 za majaribio. Zilipatikana kwenye droo ya meza ambayo nilikuwa nimeiegemea kila nilipokuja kuuliza.

Hayo yote, wapenzi wasomaji, mtu anaweza kuyacheka akishayamaliza. Lipo moja ambalo mpaka leo silicheki, nalo ni kibali cha mtihani.

Utaratibu ni huu: aliyemaliza ada anapewa kibali, asiyemaliza hapewi, na bila kibali huingii chumba cha mtihani. Tulikuwa mwaka wa pili. Mwenzangu mmoja tuliyekaa naye chumba kimoja, kijana wa Songea, tulimwita Mjomba kwa sababu ya busara zake, alikuwa anadaiwa 185,000. Baba yake alikuwa na mahindi ghalani lakini bei ilikuwa imeanguka, akawa anangoja ipande kidogo. Mwishoni mzee akauza kwa bei ya kutupa, fedha ikatumwa, Mjomba akalipa benki siku ya Ijumaa mchana. Jumatatu asubuhi yuko mlangoni na risiti mkononi. Yule dada wa uhasibu akafungua kompyuta, akasema malipo hayajasoma. Mjomba akaonyesha risiti yenye muhuri wa benki. Akaambiwa wanaangalia mfumo, hawaangalii karatasi.

Malipo yalisoma Jumatano. Kufikia hapo mitihani miwili ilikuwa imeshapita. Aliandika barua, akajibiwa kwamba kutokulipa ada kwa wakati si sababu ya kupewa mtihani maalumu. Aliyekuwa akitufundisha sisi wengine hesabu za takwimu usiku, akaambiwa aahirishe mwaka. Mkopo wake nao ukaingia matatani. Alirudi Songea na begi lake, na sisi tukafaulu kwa madesa aliyotuandikia yeye. Alirejea baadaye akamaliza, sasa ana kazi yake nzuri, lakini mwaka mmoja wa maisha yake ulikwenda na maji kwa fedha ambayo ilikuwa imeshalipwa.

Najua mtanijibu. Chuo cha binafsi hakipati ruzuku ya mishahara kama vyuo vya serikali, kinaishi kwa ada. Ni kweli tupu. Wanafunzi 300 wakikaa na ada zao, mhadhiri halipwi, umeme unakatwa, na yule mwalimu wa kuazima tuliyemsema hapo juu anaazimwa mara nne badala ya tatu. Fedha ya Bodi nayo ikichelewa kufika chuoni, mkurugenzi wa fedha anakosa usingizi kama Mjomba. Tena wapo wanafunzi, tunajuana, ambao baba ametuma ada wao wakanunua simu na kuwapeleka mademu Coco Beach. Hao siwatetei.

Ninachosema ni kimoja tu. Matokeo yanaweza kushikwa, cheti kinaweza kushikwa, lakini mtihani uliopita haurudi. Mwacheni mwanafunzi afanye mtihani, kisha kalieni matokeo yake mpaka alipe senti ya mwisho. Deni liko palepale, chuo hakijapoteza kitu, na kijana hajapoteza mwaka. Na kama ana risiti ya benki, kosa la mfumo lisiwe deni lake yeye. Mbona wao wakikosea kuandika ada kubwa mno tunaambiwa tuwe wavumilivu?

Sasa wadogo zangu, kabla sijaondoka niwaachie machache, si mahubiri, ni uzoefu.

Kabla hujaomba chuo, tafuta kitabu cha mwongozo cha TCU uone kama kozi yako imeidhinishwa. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu ya ubora, kwa hiyo usidanganywe na bango la barabarani lenye picha ya watu wamevaa majoho wanacheka.

Omba bili nzima kwa maandishi, ya miaka yote mitatu au minne, na michango yote. Chuo kikisita kukupa, umeshapata jibu.

Risiti usitupe hata moja. Piga picha, weka na nakala kwa mtu mwingine, maana simu zinaibiwa. Malipo fanya mapema ndani ya wiki, Ijumaa mchana ni hatari.

Ukijua ada haitatimia, usisubiri siku ya mtihani. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki nne kabla, nenda na barua, mwombe akuandikie makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, na yasainiwe. Vyuo vingine vinakubali, ila havitangazi.

Matokeo ya kila semista yachapishe uyaweke. Siku alama zikipotea, unakuwa na cha kuonyesha. Na angalia GPA yako tangu mwaka wa kwanza, maana daraja la pili la juu linaanza 3.5, na wengi wameligusa kwa kidole wakaishia 3.4 kwa somo moja tu lililopotea droo.

Mwisho, mkopo si zawadi. Ile asilimia sita ya kulinda thamani iliyokuwa inaongezeka kila mwaka ilifutwa mwaka 2021, lakini makato ya asilimia 15 ya mshahara yapo. Ukila bumu kwa kujionyesha leo, utalipa ukiwa na mke, watoto na mama mkwe ndani ya nyumba.

Na ninyi wazazi, mtoto akipiga simu usiku anaomba laki moja, msianze kwa matusi. Muulizeni kwanza kama ni ya viwanja au ni ya kibali. Mkiona sauti inakauka, ujue ni ya kibali. Tumeni hiyo hiyo usiku, halafu gombezeni kesho.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutawageukia wale mabosi wanaotangaza kazi kwa kijana wa miaka 23 mwenye uzoefu wa miaka mitano. Mpaka hapo, pigeni msuli, kuleni angalau mara mbili, na risiti mzitunze. Alamsiki!