Riva si mahali pa danganya toto

Kuna ugonjwa umetuingia sisi tunaocheza poka ya senti kwenye intaneti, hasa sisi watu wa kuandika programu. Tumesikia tarakilishi zimewashinda mabingwa, basi kila mtu sasa anataka kucheza kama tarakilishi. Ni kweli zimewashinda. Mwaka wa 2017 programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda mabingwa wanne katika raundi 120,000. Mwaka wa 2019 Pluribus ikatamba kwenye meza ya watu sita. Hongera zao! Lakini mabingwa hao walijua kutupa karata. Jamaa wa meza ya senti 2 hajui, na wala hana mpango wa kujua.

Tuje kwenye riva, yaani karata ya tano na ya mwisho kufunuliwa mezani. Una A na Q. Mezani kuna A, 9, 7, 4 na 2, wala hakuna kopa tatu au shupaza tatu za kumtisha mtu. Pesa zilizowekwa ni senti 60. Mwenzako amepitisha. Zamu ni yako, na wewe ndiye wa mwisho. Utaweka dau?

Wengi hupitisha, eti wasije wakaliwa. Huo ni woga, ndugu zangu, si hekima. Akitupa karata, unachukua zile senti 60 ambazo aghalabu zingekuwa zako hata ungepitisha. Kwa hivyo swali si "je, ninaongoza?" Swali ni: katika karata atakazolipia, ninashinda ngapi?

Tupige hesabu. Unaweka senti 30. Tuseme mwenye tovuti hukata asilimia 5. Akilipa ukashinda, senti 60 zimeongezeka mezani na 3 zinakatwa, kwa hivyo faida yako ni 27. Ukishindwa unapoteza 30. Akilipa mara 10 ukashinda 6, umepata 162 na kupoteza 120. Faida ni senti 42. Ndiyo maana nusu kwa nusu haitoshi. Unahitaji kushinda karibu mara 53 katika kila 100 anazolipa. Na huyu jamaa analipa kwa A na 8, kwa A na 5, hata kwa 9 na J. Weka dau! Akipandisha, tupa karata bila kinyongo. Kwenye meza hizi, mtu aliyepitisha kisha akapandisha riva kwa kawaida ana kitu.

Sasa geuza. Huna kitu, ulikuwa unangoja karata na haikuja. Hapa ndipo wanafunzi wa mitambo huniudhi. Watakuambia kwamba kwa dau la nusu, katika kila madau manne moja liwe la uongo. Sawa kabisa, dhidi ya mpinzani anayefikiri. Lakini uongo huo unahitaji atupe karata angalau mara moja katika tatu. Mtu ambaye hawezi kulala bila kuona umeshika nini atatupa lini? Mpinzani wa kwenye mlinganyo si huyu aliyeketi mbele yako. Unaandika programu bila kumjua mtumiaji, halafu unalaumu mtumiaji.

Mpango wote ni huu:

kama (unashinda zaidi ya 53 kwa 100 anapolipa) weka dau;
la sivyo, pitisha.

Siku utakapopanda meza ambako watu wanatupa karata, ongeza mstari wa uongo. Kabla ya hapo, huo uongo wa riva ni hasira tu ya karata iliyokataa kuja, na unailipia wewe. Usiniambie "ni senti tu." Mwenye kuzembea kwa senti atazembea kwa shilingi elfu.

Anayebisha alete hesabu, si majina ya programu.