Acheni Kurekodi Kila Kitu Kwenye Faili Moja

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma mawili, na sababu ni faili. Faili moja tu, ya gigabaiti 38.

Hadithi ni hii. Mteja mmoja hapa Nairobi, ambaye sitamtaja, ana mfumo wa kupokea malipo ya simu. Mara moja moja, hasa jioni, malipo yalikuwa yanakwama kwa dakika nzima kisha yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ijumaa tukakubaliana turekodi kwa tcpdump pakiti zote za seva hiyo hadi Jumatatu. Mwenzangu akaandika -w na jina la faili, akabonyeza Enter, tukaenda nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, kwa hivyo lawama ni yetu sote.

Jumapili usiku diski ikajaa. Treisi yetu ilikuwa inaandikwa kwenye diski ile ile ya hifadhidata. Hifadhidata ikakosa pa kuandika, na malipo yakasimama kwa saa tatu. Wenye maduka wakabaki wakiwaeleza wateja kwamba pesa hazijaingia. Daktari aliyekuja kupima homa ndiye aliyemwangusha mgonjwa.

Kisha tukashindwa hata kuisoma. Wireshark kwenye kipakatalishi changu chenye RAM ya gigabaiti 8 ilimeza kumbukumbu yote ikafa. Mwenzangu akaikata faili kwa split -b, gigabaiti moja moja. Kipande cha kwanza kikafunguka, vingine vyote vikakataa. Si ajabu. Faili ya pcap ina kichwa cha baiti 24 mwanzoni, na kila pakiti ina kichwa chake cha baiti 16. Programu ya split haijui hayo. Inakata kama panga, katikati ya pakiti, na kile kichwa kikuu kinabaki kwenye kipande cha kwanza pekee.

Sasa nasema wazi: kugawanya treisi si usafi wa kufanywa baadaye. Ni uamuzi wa kabla ya kubonyeza Enter. Tungeandika hivi:

tcpdump -i eth0 -C 100 -W 50 -w /treisi/malipo.pcap

-C 100 inafunga faili ikifika takriban baiti milioni 100 na kufungua nyingine. -W 50 inasema faili zisizidi 50, kisha ya kwanza iandikwe upya. Jumla ni gigabaiti 5, basi, hata ukiisahau mwezi mzima. (Angalizo: tcpdump mara nyingi huacha mamlaka ya root na kuandika kwa jina la mtumiaji mwingine. Ipe folda ruhusa.)

Wala si tcpdump peke yake. strace -f -o inamwaga michakato yote kwenye kapu moja, lakini strace -ff -o inampa kila mchakato faili yake. perf record ina --switch-output. LTTng ina --tracefile-size na --tracefile-count. Vifaa viko tayari. Wavivu ni sisi.

Najua mtakayosema. "Diski ni bei rahisi siku hizi." Saa tatu bila malipo je, nazo ni bei rahisi? "Mazungumzo yatakatika kati ya faili mbili." mergecap inaziunganisha kwa kufuata saa za pakiti.

"Duara litafuta ushahidi." Hapo mna hoja. Kwa kasi ya seva ile, gigabaiti 5 ni kama saa saba tu. Kwa hivyo piga hesabu kwanza, na uandike skripti fupi ya kusimamisha tcpdump mara logi ya mfumo ikionyesha malipo yamekwama. Na kama hujui kosa lilitokea saa ngapi, gigabaiti 38 hazitakwambia.

Sisi logi ilitutajia saa: Jumamosi jioni. Tukaikata ile faili kubwa kwa editcap -i 600, dakika kumi kumi, tukafungua kipande kimoja cha megabaiti 140. Jibu lilikuwa humo. Seva yetu ilikuwa ikibisha hodi kwa seva nyingine bila kuitikiwa, ikisubiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, 16, 32. Jumlisha: sekunde 63. Ndiyo ile dakika nzima! Kifaa cha ulinzi kilichokuwa katikati kilikuwa kinazitupa pakiti.

Megabaiti 140 kati ya gigabaiti 38. Zilizobaki zilifanya kazi moja tu: kuangusha seva.

Kama kuna tcpdump -w tupu inayokimbia kazini kwenu sasa hivi, nenda uisimamishe, kisha urudi hapa unipinge.